Kuchagua Hedifoni kwa Fedha Kidogo

Siku hizi si rahisi kumwona kijana njiani bila kitu masikioni. Wengine huvaa vile vidogo vya kuchomeka ndani ya sikio, na wengine huvaa vile vikubwa vya kukaa kichwani, ambavyo ndivyo tuviitavyo hedifoni. Hapa shuleni kanuni haziruhusu kuvitumia bwenini, lakini likizo ikifika karibu kila mtu huwa na vyake. Nimeona ya kuwa wengi wetu huvinunua kwa macho, wala si kwa masikio. Huangalia rangi, huangalia jina, hulipa, na baada ya mwezi mmoja upande wa kushoto umekufa. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wenzangu kadhaa wameniuliza jinsi nilivyochagua hedifoni zangu za kwanza, nami nimeona heri niandike hapa mara moja kuliko kumweleza kila mtu peke yake.

Kwanza yafaa tujue kitu chenyewe. Hedifoni si jambo geni duniani. Mwaka 1910 Mmarekani mmoja, Nathaniel Baldwin, alizitengeneza jikoni kwake katika jimbo la Utah, na jeshi la majini la Marekani likazinunua kwa ajili ya watu wake wa simu ya upepo. Mwaka 1958 John Koss wa mji wa Milwaukee alitoa hedifoni za stereo za kusikilizia muziki nyumbani. Halafu mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Walkman, na tangu hapo muziki wa masikioni ukatoka nyumbani ukaingia njiani.

Kufanya kazi kwake si uchawi. Kila upande una utando mwembamba uliogandishwa kwenye koili ya waya, na karibu yake pana sumaku. Umeme wa muziki ukipita katika koili, koili husukumwa na kuvutwa, utando hutikisika, na hewa iliyo mbele yake hutikisika pia. Mtikisiko huo ndio sauti. Basi kazi ya hedifoni ni moja tu: kutikisika kama umeme ulivyoamuru, bila kuongeza wala kupunguza. Hedifoni zenye kuvumisha besi kupita kiasi ni kama mkalimani anayetia maneno yake mwenyewe katikati ya hotuba ya mgeni. Huenda watu wakacheka na kufurahi, lakini mgeni hakusema hivyo.

Jambo la kwanza katika kuchagua ni kujiuliza: nataka kufanya kazi gani? Mimi nilikuwa na kazi yangu. Mwalimu wa kwaya alinipa wajibu wa kurekodi mazoezi yetu na kuyasikiliza katika kompyuta ya chumba cha muziki, ili nimwambie ni wapi sauti zinapishana. Kazi hiyo yataka kusikia kila sauti mahali pake. Yule anayetaka hedifoni za kusikilizia habari ndani ya basi ana kazi nyingine, na huenda hedifoni zangu zisimfae hata kidogo.

Jambo la pili ni fedha. Mwisho wa S.4 nilifanya kazi katika mashine ya kusaga unga ya mjomba wangu, nikipima mahindi na kushona magunia, na kwa miezi miwili na nusu niliweka akiba ya shilingi 230,000. Niliamua ya kuwa hizo ndizo zangu zote, wala sitakopa hata shilingi moja. Mtu asiyeweka mpaka kabla ya kuingia dukani, mwenye duka atamwekea mpaka wake.

Labda mtasema: kwa fedha hizo utapata kitu gani chema, hali ziko hedifoni zinazouzwa kwa mamilioni? Nami niliogopa hivyo, mpaka niliposoma habari za uchunguzi mmoja. Mwaka 2017 mtaalamu aitwaye Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya kupima hedifoni 283 za bei mbalimbali. Alilinganisha bei ya kila moja na jinsi inavyogawa sauti za chini, za kati na za juu, asione uhusiano wowote baina ya mambo hayo mawili. Hii haina maana ya kuwa za rahisi zote ni njema. Maana yake ni kwamba bei peke yake haiwezi kukwambia jinsi zitakavyolia. Za ghali zaweza kuwa na ngozi laini, chuma imara na sanduku zuri, na bado zikalia vibaya. Habari hiyo ilinitia moyo, kwa sababu maskini naye ana masikio.

Hata maandishi ya sandukuni hayatoshi. Karibu kila sanduku limeandikwa 20 hadi 20,000 Hz, yaani mitikisiko 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Huo ndio upeo wa masikio ya binadamu aliye kijana na mzima. Lakini hesabu hiyo haisemi sauti zilizomo katikati zimegawanywa kwa haki au la. Ni kama kumwambia mtu ya kuwa kitabu kina kurasa 200, usimwambie kama kimeandikwa vizuri.

Maandishi yenye faida zaidi ni yale ya omu, yaani kiasi ambacho hedifoni zinapinga umeme. Hedifoni za Koss Porta Pro, zilizoanza mwaka 1984 na ambazo bado zinatengenezwa, zina omu 60. Za Audio-Technica ATH-M20x zina omu 47. Hizo hulia bila taabu katika simu au kompyuta. Lakini Sennheiser HD 600, ambazo husifiwa sana tangu mwaka 1997, zina omu 300. Ukizichomeka katika simu ndogo huenda zikalia kinyonge, nawe utalazimika kununua na amplifaya. Mwenye fedha kidogo asinunue farasi anayedai kujengewa na zizi.

Halafu kuna za waya na zisizo na waya. Zisizo na waya zina raha yake, kwa maana hakuna cha kunasa wala kukatika. Lakini zina betri, na betri huzeeka kwa kuchajiwa, na katika nyingi kuibadilisha si kazi nyepesi. Tena sauti huchelewa kidogo kufika, jambo linalosumbua katika kurekodi. Kwa bei ile ile, sehemu ya fedha yako imekwenda katika betri na redio ndogo iliyomo ndani. Kwa hiyo nilichagua waya. Anayetaka kufanya hivyo na aangalie simu yake kwanza, kwa kuwa tangu iPhone 7 ilipotoka bila tundu la waya mwaka 2016, simu nyingi zimefuata desturi hiyo na zinataka kiunganishi.

Mwisho kuna zilizo wazi mgongoni na zilizofungwa. Sennheiser walitoa HD 414, hedifoni za kwanza zilizo wazi, mwaka 1968. Zilizo wazi hazilibani sikio kwa joto, na muziki huonekana kama umetandazwa mbele yako, lakini jirani yako husikia kila kitu, nawe humsikia yeye. Porta Pro ni za namna hiyo. Nilizijaribu kwa mmoja wa wanafunzi wa zamani aliyerudi na zake kutoka ng'ambo, zikanipendeza sana kwa wepesi. Lakini katika kurekodi, sauti inayovuja hurudi ndani ya maikrofoni. Basi kazi yangu ilinihukumia zilizofungwa.

Katika duka la kwanza nilionyeshwa hedifoni kubwa zenye jina maarufu, kwa bei iliyo chini mno kuliko ile nijuayo. Muuzaji alisema, "Kijana, chukua hizi. Besi yake itakutikisa kifua."

"Bwana, naomba nizijaribu kwanza."

"Hizi hazifunguliwi mpaka umelipa."

Nilimshukuru nikaondoka. Jina kubwa kwa bei ndogo, na sanduku lisilofunguliwa, ni dalili tatu kwa pamoja, nazo zanitosha.

Duka la pili lilikuwa la vyombo vya muziki, na mwenyewe alikuwa mama mtu mzima. Nilimwamkia, nikamweleza kazi yangu na fedha zangu bila kumficha. Akaniambia, "Karibu mwanangu, keti hapo. Zisikilize mpaka utosheke." Aliniwekea za namna tatu mezani. Nami nilitumia wimbo mmoja tu, wimbo wa kwaya wenye adungu, ngoma na sauti nne, ambao naujua kwa moyo kwa kuwa nimeuimba mara nyingi. Usijaribu hedifoni kwa wimbo mgeni, maana hutajua kilichopungua.

Nilizingatia mambo manne. Je, sauti ya mtu ni ya mtu, au ni ya mtu aliyefunikwa blanketi? Je, ngoma inapiga na kunyamaza, au inavuma juu ya waimbaji? Je, kayamba linachoma sikio? Na nikiimba moyoni sauti ya tatu, je, naweza kuifuata toka mwanzo hadi mwisho? Tena nilisawazisha ukubwa wa sauti kabla ya kulinganisha, kwa sababu yenye kulia kwa nguvu zaidi hudhaniwa kuwa bora, hata ikiwa siyo. Baada ya hapo nilizivaa kimya kwa robo saa, nione kama zitaniuma taya na masikio.

Zilizoshinda ni zile ATH-M20x. Hazina urembo. Ni za plastiki nyeusi, uzito wake gramu 190, na waya wake una mita tatu. Upungufu wake ni kwamba waya hauchomoki, hivyo ukikatika ni lazima umtafute fundi wa kuchomelea. Mama alitaka shilingi 250,000. Tulizungumza kwa adabu, tukapatana 220,000, nami nikabaki na nauli ya kunirudisha nyumbani.

Faida yake ilionekana mapema kuliko nilivyotazamia. Muhula ule kwaya yetu ilikuwa ikiharibika mahali pamoja kila siku, na watu wote walimtupia lawama mvulana mmoja wa sauti ya tatu. Ilibaki kidogo aambiwe aache kwaya. Hedifoni kuukuu za chumba cha muziki zilikuwa zikivuma besi tu, na katika uvumi ule kila kosa lilionekana kuwa la wanaume. Nilipousikiliza wimbo ule ule kwa hizi mpya, nilisikia wazi ya kuwa mvulana yule alikuwa akiimba sawasawa, na walioingia wakiwa wamechelewa ni sauti ya pili. Nilimpa mwalimu asikilize. Alirudia mara tatu, akavua hedifoni, akasema, "Mwiteni yule kijana." Mpaka leo anaimba nasi. Hapo ndipo nilipoelewa ya kuwa chombo kinachosema kweli si anasa. Chombo kinachodanganya chaweza kumfukuzisha mtu asiye na hatia.

Sasa nataka kusema juu ya masikio yenyewe, kwa kuwa hedifoni zikiharibika zaweza kununuliwa tena. Mjomba wangu amesimama karibu na mashine ya kusaga miaka mingi. Usiku, watu wote wakinyamaza, masikio yake humlilia kama nyenje, na ukitaka akusikie yakupasa usimame mbele yake. Nilipomwonyesha nilichonunua alikigeuzageuza mikononi, akaniambia, "Mpwa wangu, mahindi hupandwa tena. Sikio halipandwi." Maneno hayo ni kweli hata katika elimu. Ndani ya sikio mna seli ndogo zenye vinyweleo, ambazo hupokea sauti, na kwa binadamu zikifa hazioti tena.

Shirika la Afya Duniani latufundisha ya kuwa mtu mzima aweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki bila hatari kubwa, na kwa watoto kiwango ni desibeli 75. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hukatwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10, desibeli 89 ni saa 5 tu. Hii ndiyo sababu nyingine ya kupenda hedifoni zilizofungwa vizuri, kwa maana kelele za nje zikipungua huna haja ya kuongeza sauti. Lakini usizivae unapovuka barabara wala unapopanda boda boda, kwa sababu honi ya lori haitakungojea umalize wimbo. Na masikio yakianza kulia baada ya kusikiliza, ujue yamekwisha kukuonya.

Basi ndugu zangu, hesabuni fedha zenu kabla hamjatoka nyumbani, jueni kazi mnayotaka kuifanya, chukueni wimbo mnaoujua, na yule asiyewaruhusu kusikiliza mwacheni na sanduku lake. Na ninyi wanafunzi wa zamani mnaofanya kazi mijini, mkiwa na hedifoni njema msizozitumia, chumba chetu cha muziki bado kina zile kuukuu, na kwaya ina watu wengi wanaotaka kujifunza kusikiliza.

Mwanakwaya, S.5