Mangungu wa Msowero

Tulitoka Berega alfajiri, tukafika Dumila, na hapo tukashika njia iendayo Kilosa. Njiani tuliingia Msowero, tukasimama kitambo kumkumbuka Mangungu, mtawala wa zamani wa nchi hii.

Walimu hulitaja jina lake shuleni, lakini habari zake ni chache mno. Huko Misri alikuwako Farao Senebkay, aliyesahauliwa zaidi ya miaka 3,500, hata kaburi lake lilipofukuliwa Abydos mwaka 2014. Lakini yeye jina lake liliandikwa ukutani na watu wake mwenyewe. Jina la Mangungu limetufikia kwa mkono wa mgeni, katika karatasi ya Kijerumani ya Novemba 1884, aliyoileta Carl Peters.

Karatasi hiyo yasema ya kuwa Mangungu ameitoa nchi yake yote kwa chama cha Peters, hata milele. Yasema tena kwamba aliyafahamu yote, na kwamba hakujua hata kama yuko Sultani wa Unguja. Ni ajabu! Misafara ya pwani ilikuwa ikipita Usagara miaka mingi. Mtawala wa njia hiyo angekosaje kusikia habari za Sultani? Na ikiwa neno hili halisadikiki, twawezaje kusadiki ya kuwa aliyafahamu mengine, naye aliyasikia kwa kinywa cha mkalimani tu?

Hata hivyo karatasi za namna hiyo zilitosha. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm alitoa hati ya kuzilinda nchi hizo. Sultani Barghash alipinga, lakini mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zikasimama mbele ya Unguja, naye akanyamaza.

Basi tusimcheke Mangungu kana kwamba aliuza nchi yake kwa ujinga. Aliyemshuhudia ni yule yule aliyepata faida. Nasi tunaoijua amri ya kutomshuhudia jirani uongo, tukumbuke kwamba hata maandishi huweza kuivunja.

Wilaya ya Kilosa imeona magomvi mengi ya ardhi. Kwa hiyo, enyi wazazi, msitie dole gumba katika karatasi msiyosomewa yote, na ninyi walimu, wafundisheni watoto kusoma, na kuuliza, "Ni nani aliyeandika haya?"