Fanani Asiyeiona Hadhira Yake: Miwani ya Uhalisia Pepe Katika Vyumba vya Gemu vya Kisumu

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa mapema kwamba utendaji husimama juu ya nguzo mbili: fanani na hadhira. Bila fanani hakuna ngano. Bila hadhira, ngano hugeuka kuwa sauti ya mtu anayejisemea. Waluo wa ufuo wa Ziwa Viktoria waliijua kanuni hii kabla haijaandikwa vitabuni. Katika siwindhe, nyumba ya nyanya walimolala watoto na kusimuliwa ngano, msikilizaji naye alikuwa na kazi yake: kuitikia, kuuliza, kucheka na kuimba kiitikio. Bao nalo, ambalo Waluo huliita ajua, halikuwa la wachezaji wawili pekee. Kandokando yao walikaa watazamaji walioshauri pasipo kuombwa na kumkejeli aliyekosea kuhesabu kete zake.

Urithi huo haujafa. Umehama makazi tu. Jioni inapoingia Kondele, Manyatta, Nyalenda au Obunga, vijana humiminika katika vyumba vya gemu. Mara nyingi ni chumba cha mabati chenye runinga mbili tatu, mashine za PlayStation zilizokwisha kupita mikononi mwa wengi, na benchi la mbao. Wawili hushika pedi na kucheza kandanda. Wengine hukaa nyuma yao, na hao ndio wenye kelele. Yuko anayetangaza mchezo kwa sauti ya redioni ilhali hakuna aliyemlipa. Yuko anayemlaumu kipa asiye na masikio. Anayefungwa hupisha mwingine, huku akiapa kwamba pedi yake ina hitilafu. Atakayelitazama jambo hili kwa jicho la fasihi ataona kwamba kinachouzwa hapo ni zaidi ya dakika za kucheza. Kinachouzwa ni utendaji kamili, wenye fanani wawili na hadhira inayoshiriki.

Ni katika mandhari haya ambapo miwani ya uhalisia pepe inabisha hodi. Chombo hiki hufungwa usoni kikaziba macho yote mawili. Ndani yake kila jicho huonyeshwa picha yake, na picha hizo hugeuka kichwa kinapogeuka, hata mvaaji akajihisi yumo ndani ya mchezo. Je, yafaa kuinunua kwa ajili ya gemu? Kwa tajiri, hili ni swali la anasa. Kwa mwenye chumba cha gemu, jibu lake ni kodi ya mwezi na karo ya wadogo zake.

Wahenga walinena: kipya kinyemi, kingawa kidonda. Hata hivyo, miwani hii si mpya kama inavyodhaniwa. Mwaka 1968, mtaalamu wa Marekani Ivan Sutherland alionyesha chombo cha namna hiyo kilichokuwa kizito hata kikaning'inizwa darini. Mwaka 1995 kampuni ya Nintendo ilileta Virtual Boy, ikaiondoa sokoni mwaka uliofuata kwa kukosa wanunuzi. Ndoto ilifufuka pale Facebook ilipoinunua kampuni ya Oculus mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni 2. Mara hii chombo kilikuja kikiwa kimekomaa. Mchezo kama Beat Saber, ambamo mchezaji hukata vipande vinavyomjia kwa mapigo ya muziki, huwatoa jasho hata wasiopenda gemu. Anayesema kwamba miwani hii ni uongo mtupu hajaivaa.

Sasa natuchukue mfano wa kijana mwenye chumba cha gemu pale Kondele, ambaye ameweka akiba kwa miaka miwili na anatarajia nyongeza kutoka kwa chama cha mamake, mchuuzi wa omena. Miwani ya PlayStation VR2 ilitoka Februari 2023 kwa dola 549.99, kisha ikashushwa hadi dola 399.99 Machi 2025. Lakini hiyo haikubali kuunganishwa na PlayStation 4 aliyonayo. Hudai PlayStation 5, au kompyuta yenye nguvu. Inabaki Meta Quest 3S, ambayo hujitegemea. Ilipozinduliwa Oktoba 2024, bei yake ilikuwa dola 299.99. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni kama shilingi 38,700. Ongeza kodi ya thamani ya asilimia 16, zinakaribia 45,000, kabla ya nauli na faida ya mwagizaji.

Tuseme atatoza shilingi 50 kwa zamu ya dakika kumi. Zamu 900 zitarudisha fedha yake. Akipata wateja wa saa nne kila siku, atamaliza deni kwa siku 38. Hesabu hii inashawishi, na ndiyo maana ni hatari. Imejengwa juu ya dhana kwamba foleni haitakatika. Mchezaji wa kandanda aliyefungwa leo atarudi kesho, kwa kuwa ana kisasi cha kulipa na mahasimu wake wanamngoja benchini. Aliyekwenda kuionja miwani ameona maajabu, akishayaona, ameyaona. Mshangao hauuzwi mara mbili kwa bei ile ile. Aidha, mchezo wa EA Sports FC, ambao hadi mwaka 2023 ulitoka kwa jina la FIFA, hauna toleo la miwani. Mteja atakayeiomba kandanda aliyoizoea hataipata humo.

Hoja hizi zote zilifupishwa na mamake kijana alipoletewa habari ya mkopo. Aliuliza, "Mwanangu, hiyo miwani huchezwa na wangapi kwa mpigo?"

"Mmoja, mama."

"Na wale wengine wa benchini watakuwa wakifanya nini?"

Kijana hakuwa na jibu la haraka. Mwanamke huyu hakupata kusoma nadharia ya utendaji, lakini aliligusa jambo penyewe.

Kuna na masuala ya mwili ambayo muuzaji huyataja kwa sauti ya chini. Aliyevuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita siku ya upepo, akiwa ameinamia simu yake, anajua kichefuchefu kilivyo: sikio la ndani linahisi mwendo ambao macho hayauoni. Miwani huigeuza hali hiyo. Macho huona mbio, ilhali mwili umesimama tuli, na baadhi ya watu hushindwa kustahimili hata dakika kumi. Kisumu nayo ni mji wa joto. Sifongo inayogusa uso wa mteja mmoja itakuwa imelowa jasho kabla ya kumfikia wa tano, na bila kuifuta na kuibadilisha, maradhi ya macho na ngozi yataenea. Mlango ulioachwa wazi ili hewa ipite hupitisha na jua, na miale ikipenya lenzi huweza kuunguza kioo cha ndani. Mchezo wa kusimama hutaka nafasi ya kama mita mbili kwa mbili, yaani pale palipo benchi. Tena Meta hairuhusu chombo chake kwa watoto walio chini ya miaka 10, nao watoto ni wateja wa kila siku wa vyumba hivi. Kwa haki, jambo moja jema litajwe: umeme ukikatika, miwani hii huendelea kwa takriban saa mbili na nusu kwa betri yake, wakati runinga zote zimekuwa vioo vyeusi.

Atatokea wa kupinga, aseme kwamba picha anayoiona mvaaji yaweza kurushwa kwenye runinga ili wote waione. Ni kweli. Hadhira itaona akionacho fanani. Lakini fanani haioni hadhira yake. Hauoni mkono ulioinuliwa, wala haoni uso wa mpinzani unapobadilika. Amekuwa mtambaji aliyefumbwa macho, akirusha mikono hewani mbele ya watu wanaomcheka, naye hajui wanacheka nini. Siku ya kwanza kicheko hicho kina raha yake. Siku ya kumi benchi litakuwa limehamia chumba cha jirani.

Hata hivyo, uko mchezo mmoja unaoonyesha kwamba kasoro si ya chombo pekee, bali pia ya watungaji wa michezo. Keep Talking and Nobody Explodes ulitolewa mwaka 2015 na kampuni ya Steel Crate Games ya Kanada. Aliyevaa miwani huona bomu linalohesabu muda. Wenzake hawalioni, lakini wana kitabu cha maelezo ya kulitegua, ambacho yeye hawezi kukisoma. Yeye hueleza anachokiona. Wao hutafuta, hubishana na kumwelekeza. Msomaji wa jarida hili ataitambua fani hiyo mara moja: mmoja anatega, wengine wanategua, na wakishindwa hawaombwi mji bali hulipukiwa. Kutoona kwa fanani, ambako kwingineko ni upungufu, hapa kumefanywa kuwa mhimili wa utendaji. Kitabu hicho huchapishwa bure. Mwanafunzi wa tafsiri anayelalamika kwamba hana matini ya kufanyia mazoezi anaweza kukipitisha kwenye Kiswahili, kisha akaona katika dakika tano iwapo maelekezo yake yanaeleweka au yanaua.

Ushauri basi ni huu. Anayetaka miwani ya kuchezea peke yake nyumbani, naye ana fedha isiyo na kazi nyingine, na ainunue, mradi aijaribu kwanza kwa nusu saa ili alijue tumbo lake. Mwenye chumba cha gemu asiache mbachao kwa msala upitao. Shilingi 45,000 zinakaribia kumpatia mashine iliyotumika na runinga yake, yaani pedi mbili zaidi na benchi jingine. Miwani ije baadaye, iwe moja, tena kwa michezo inayowapa kazi waliokaa. Kijana wa Kondele alichagua benchi. Mkopo wa chama ulitoka, kwa sharti la mamake kwamba ulipwe kabla ya miezi ya kufungwa kwa uvuvi wa omena. Hiyo ni miezi ambayo mama huyo hana cha kuanika, na hesabu iliyokosewa Kondele ingekosesha watu chakula ufuoni.