Bei Isiyo na Msemaji

Kiswahili kililipokea neno bei kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni kuuza. Kikalipokea pia neno thamani, ambalo kwa Waarabu ndicho hasa kile kiasi kinacholipwa. Katika kuvuka bahari maneno haya mawili yakabadilisha kazi zao. Bei ikawa kiasi, na thamani ikapanda daraja, ikawa ile hadhi ya kitu ambayo aghalabu hailipiki. Huenda mtu wa pwani alihitaji kutenga baina ya anachokidai muuzaji na kinachostahiki kitu chenyewe. Ama mnada, huo umetokana na kuita: ni bei inayotajwa kwa sauti, mbele za watu, na mwenye kuitaja anaonekana uso wake.

Ndivyo ilivyo hata leo katika maduka ya Darajani na Mchangani. Bei huanza kama sentensi na haikamiliki mpaka ijibiwe. "Hii kiasi gani?" "Elfu thelathini." "Nipunguzie, bwana." "Haya, sema lako." Mazungumzo hayo huitwa kupatana, neno lile lile litumikalo kwa watu waliogombana wakasuluhishwa. Na bei ikiwa kubwa kupita kiasi, mnunuzi ana haki ya kuuliza sababu, na muuzaji ana wajibu wa adabu kuitoa: meli imechelewa, ushuru umepanda, mzigo wenyewe ndio wa mwisho. Pengine sababu hiyo ni ya kweli, pengine ni ya kutunga. Lakini ipo, na msikilizaji anaweza kuipima.

Soko la mtandaoni limeiondoa sauti hiyo likabakisha tarakimu. Anayetafuta chaja ya kompyuta iliyoacha kutengenezwa, au kipande cha kumbukumbu cha mashine ya zamani, hukutana na jambo la kustaajabisha: waya ambao jana ulikuwa kwa bei ya chakula cha mchana, leo unauzwa kwa bei ya kitanda, kibodi iliyotumika inadaiwa fedha zaidi ya kompyuta iliyozaliwa nayo. Hapana maelezo, wala hapana wa kuulizwa. Mwenye kutazama hudhani kuwa ama kuna mjinga anayenunua, ama kuna mwizi anayeuza. Mara nyingi dhana zote mbili si sahihi, kwani mtu aliyeitaja bei hiyo hayupo kabisa.

Kisa kilichodhihirisha jambo hili hakikuwa cha waya bali cha kitabu, na wapenzi wa vitabu wana sababu ya kukikumbuka. Mwezi wa Aprili 2011, Michael Eisen, mwanabayolojia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliona katika soko la Amazon kitabu cha Peter Lawrence kiitwacho The Making of a Fly, kilichotoka mwaka 1992, kikiuzwa na wauzaji wawili kwa zaidi ya dola milioni moja kwa nakala mpya. Akaifuatilia bei siku baada ya siku, na akagundua kanuni. Muuzaji wa kwanza alikuwa na programu inayoweka bei yake kuwa mara 0.9983 ya bei ya mwenziwe, ili awe chini kidogo. Wa pili alikuwa na programu inayoweka bei yake kuwa mara 1.270589 ya bei ya huyo wa kwanza.

Msomaji asiyependa hesabu na avumilie kidogo. Ikiwa wa kwanza anauza kwa 100, wa pili atapanda hadi 127. Wa kwanza atamfuata hadi karibu 126.8, na wa pili ataruka hadi 161. Mizunguko kumi tu ya namna hiyo huifanya bei kuwa zaidi ya mara kumi ya ilivyoanza. Tarehe 18 Aprili 2011 kitabu hicho kilifika dola 23,698,655.93, na juu yake dola 3.99 za kukisafirisha. Siku ya pili mtu akazinduka, na bei ikaporomoka hadi dola 106.23.

Kwa nini muuzaji atake kuwa ghali kuliko mwenziwe? Dhana ya Eisen ni kwamba huyo wa pili hakuwa na kitabu. Alitegemea sifa zake njema kwa wanunuzi. Akipata mteja, angekinunua kwa yule wa kwanza na kukiuza kwa faida. Kwa hiyo ilimlazimu awe juu daima. Desturi hiyo yapo masoko inayoenea katika vifaa vya kompyuta kama ienavyo katika vitabu. Kadhalika wapo wauzaji ambao, bidhaa ikiwaishia, hawaifuti katika orodha. Huipandisha bei hadi mbinguni ili pasiwe na wa kuinunua, wakingoja mzigo mwingine. Hiyo si bei bali ni kufuli lililotiwa mlangoni kwa sura ya bei.

Na mashine inayopandisha bila kujua huweza pia kushusha bila kujua. Disemba 2014 programu moja ya kupangia bei iliharibika kwa muda upatao saa moja, na bidhaa nyingi za wafanyabiashara wadogo katika soko la Amazon la Uingereza zikauzwa kwa peni moja moja. Wapo waliopata hasara kubwa usiku huo. Dalali wa mnada angeweza kulewa, lakini asingeweza kuuza runinga kwa peni moja pasi na mtu wa kumshika mkono.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba kila bei ya ajabu ni upepo. Mwaka 2011, katika miezi ya mwisho, mafuriko makubwa ya Thailand yaliingia katika viwanda vilivyotengeneza sehemu kubwa ya diski za kompyuta za dunia nzima, na bei za diski zikapanda kila mahali. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za kumbukumbu za kompyuta zilipaa kwa sababu viwanda vilielekeza kazi yao kwenye vituo vikubwa vya akili bandia, ambavyo hununua kwa wingi usiowezekana kwa mtu mmoja mmoja. Hizo ni bei zenye kisa. Na hapa ndipo penye utata wenyewe: bei yenye kisa na bei isiyo na kisa, katika kioo, zina sura moja. Tarakimu haibadiliki rangi kwa kuwa ni ya kweli, wala haitetemeki kwa kuwa ni ya uongo.

Madhara ya utata huu hayaishii mfukoni. Wapo watunzi wa visiwani walioanza kuandika kwa kompyuta katika miaka ya 1990, wakahifadhi kazi zao katika disketi, zile za mraba zinazochukua megabaiti 1.44. Sony, iliyokuwa mtengenezaji mkubwa wa mwisho, iliacha kuziuza mwaka 2011. Chukulia mtunzi amefariki, na warithi wake wakafungua kasha wakakuta disketi thelathini zenye maandishi ya mkono wa marehemu: tenzi, barua, tafsiri zisizokamilika. Kompyuta zao hazina pa kuzitia. Wakatafuta kisomeo mtandaoni, na kilichojitokeza mbele kikawa na bei ya mishahara ya miezi mitatu. Wakatazamana, wakalifunga kasha.

Kasha likifungwa, wakati haufungwi. Unyevu na chumvi ya hewa ya pwani havina huruma na utando wa sumaku, na ukungu huota kimya kimya. Kila mwaka wa kungoja "bei ishuke" ni beti kadhaa zinazofutika. Na huenda bei ile haikuwahi kudaiwa na mtu yeyote; ilikuwa programu inaijibu programu nyingine, au duka tupu lililojifungia. Kwa hiyo utungo unaweza kupotea kwa kuogopwa tarakimu ambayo hata aliyeitia sokoni angeiona angecheka.

Dawa yake ipo, nayo ni kuirudishia bei mazungumzo. Zipo tovuti zinazoonyesha historia ya bei ya kitu kwa miezi na miaka. Bei iliyoruka usiku mmoja kutoka ishirini hadi mia nne bila ya vitu vya namna yake kuruka, hiyo yafaa kushukiwa. Ikiwa vyote vya aina hiyo vimepanda pamoja, basi kuna kisa, na mwenye shida atafute njia nyingine. Muuzaji aandikiwe, aulizwe kama anacho kitu mkononi. Asiyejibu amekwisha kujibu. Kisha mafundi waulizwe, maana fundi wa kompyuta wa mtaani huwa na maiti za mashine chini ya meza yake, na katika maiti hizo viungo vingi bado ni vizima.

Mwisho, kisomeo cha disketi si kijiko, kwamba kila nyumba iwe na chake. Kimoja kwa mji mzima chatosha, kikiwekwa maktaba au kwa mtu mwaminifu, na kikazunguka kwa kuazimana kama zilivyozunguka zamani nakala za tenzi zilizoandikwa kwa mkono. Wenye makasha na wayafungue mapema, kabla ya masika mengine hayajaingia.