Dola 140 za Kutazama Tu

Mwaka juzi, hapa Houston, taa ya chekinjini iliwaka kwenye gari langu. Gari lenyewe lilikuwa zima: halikohoi, halikati moto, mafuta linakula yale yale. Kwa akili za Dar ningeziba ile taa kwa kipande cha selotepu nikaendelea na maisha. Ila huku gari lenye taa hiyo halipiti ukaguzi wa moshi, na muda wangu wa kukagua ulikuwa umekaribia. Nikalipeleka gereji.

Kabla boneti haijafunguliwa, dada wa mapokezi akanipa karatasi nisaini. Dola 140, malipo ya kutafuta tatizo. Kulitengeneza ni hesabu nyingine.

Fundi akachomeka kifaa chini ya usukani, kwenye soketi ambayo gari dogo linalouzwa Marekani limelazimika kuwa nayo tangu 1996. Ikatoka namba P0455, yaani mvuke wa petroli unavuja, na unavuja sana. Huku tenki haliruhusiwi kupumua ovyo. Mvuke wake unanaswa kwenye kopo lenye mkaa, baadaye injini inauvuta na kuuchoma, na kompyuta inajipima yenyewe kama kuna upenyo, hata tundu la nusu milimita. Ila namba haikwambii tundu liko wapi. Basi akaleta mashine ya moshi, akaupuliza ndani ya mfumo, akazunguka gari na tochi mkononi. Pale kwenye mfuniko wa tenki moshi ulikuwa unapanda taratibu kama wa chetezo. Mpira wa mfuniko ulikuwa umepasuka. Mfuniko mpya dola 18.

Nilitoka nimenuna. Kila niliyekutana naye msikitini na dukani nilimsimulia jinsi nilivyotozwa 140 kwa kutazamiwa mfuniko.

Desemba nikaenda nyumbani, nikamkuta shemeji amechoka. Corolla 110 yake ikiwa tambarare haina neno, ila akipanda Kimara inaishiwa nguvu, inamisi, inazima katikati ya foleni, na madereva wa daladala nyuma yake wanamkumbusha na ukoo wake. Alikuwa na fundi wake, kijana mchangamfu mwenye gereji chini ya mwembe Tabata. Kijana alianza na plagi. Zikafuata waya za plagi, filta ya mafuta, kisha nozeli zikafunguliwa zikaoshwa. Mwisho akasema ni pampu, wakaenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani wakanunua pampu ya mtumba. Gari likapanda Kimara siku mbili. Siku ya tatu likazima pale pale.

“Mafuta yamechakachuliwa hayo,” kijana akasema. Neno hilo kwetu halikosi mteja. Tangu 2010 mafuta ya soko la ndani yanawekwa kinasaba ili wanaochanganya petroli na mafuta ya taa wakamatike, lakini mtaani kila gari likikohoa kituo cha mafuta ndicho mshtakiwa wa kwanza.

Jirani akatuelekeza kwa mzee mmoja Buguruni, wanamwita Babu. Tulipomwamkia shikamoo hakuinuka kwenye kigoda.

“Likizima, mkisubiri linawaka?”

“Linawaka, Babu. Dakika kumi hivi.”

“Na unaweka mafuta ya shilingi ngapi?”

Shemeji akanitazama kwanza. “Elfu kumi kumi.” Kwa bei ya siku zile, lita tatu na kidogo. Taa ya mafuta kwenye gari lile haizimiki mwaka mzima.

Babu akafungua boneti, akatoa kipande cha waya mfukoni. Kwenye Toyota za zamani kuna kiboksi chenye matundu yenye majina. Ukiunganisha TE1 na E1, taa ya chekinjini inakonyeza namba ya kosa. Hii ilikonyeza mfululizo bila kupumzika, maana yake kompyuta haioni kosa lolote. Itaonaje? Haina jicho ndani ya tenki. Akahamisha waya ule ule kwenye +B na FP, pampu ikaanza kulia injini ikiwa imezimwa. Mpira wa mafuta alishauchomoa na kuuelekeza kwenye chupa ya soda ya nusu lita. Tulihesabu. Pampu nzima ingeijaza kwa nusu dakika au pungufu. Ile ilipita dakika na bado shingo ya chupa ilikuwa tupu.

Akaiweka chupa kwenye kivuli. Baada ya muda chini kabisa kikajitenga kidimbwi, kama kijiko cha maji.

Kiti cha nyuma kikatolewa, pampu ikachomolewa tenkini. Ile soksi ya kuchujia inayokaa mdomoni mwake ilikuwa nyeusi, imegandamana kwa kutu na tope. Injini ikitulia, kinachopenya kinatosha. Mlimani inahitaji mengi, pampu inanyonya kwa nguvu, uchafu unaziba kabisa. Ukizima, uchafu unadondoka, ndiyo maana wakisubiri linawaka. Tenki likamwagwa, likasuuzwa, soksi mpya ikavishwa. Ufundi, elfu ishirini na tano.

“Na kutafuta tatizo?” nikauliza, kichwani nina ile karatasi ya Houston.

“Mwanangu, nani atanilipa kwa kutazama?”

Nikamwelewa na yule kijana wa Tabata. Hakuwa tapeli. Kwetu fundi analipwa kwa kufungua na kufunga, na asipobadilisha kitu anarudi nyumbani mikono mitupu. Saa moja ya kuhesabu chupa ni saa ya njaa. Shemeji alilipia ule utafutaji kwa plagi, waya, filta, nozeli na pampu, na jumla yake ilizidi dola zangu 140.

Babu akauliza ile pampu ya kwanza iko wapi, maana kwa mawazo yake haikuwa na kosa.

“Kijana alibaki nayo,” shemeji akajibu. “Alisema ni mbovu, atanisaidia kuitupa.”

Babu alicheka mpaka akashika mlango wa gari.