Kumbe jina la blogu yangu halikuwa langu!

Wadau, wengi mliniuliza nilipotelea wapi. Sikuumwa wala sikukamatwa. Domeni ilikufa.

Basi bwana, nilipoanza, kijana mmoja wa Kinondoni alinifanyia kila kitu. Nikamrushia hela kwa M-Pesa, akanitumia linki, mimi huyo nikaanza kuandika. Kila mwaka namrushia ya kulipia jina, anajibu "poa bosi". Mwaka huu pia kajibu "poa bosi". Sasa siku hiyo niko kwenye daladala ya Mbagala nimebanwa mlangoni, nafungua simu nisome komenti za ile stori ya msanii anayejisifia mjengo kumbe kapanga (mnamjua), nakuta blogu haifunguki.

Napiga, hapatikani. WhatsApp tiki za bluu, kimya.

Nikaipigia kampuni iliyosajili lile jina. Dada akaniuliza email, nikamtajia.

"Kaka, hii siyo iliyopo kwenye usajili."

"Dada, ni blogu yangu, hadi sura yangu imo!"

"Pole kaka. Kwenye mfumo wetu wewe haupo."

Iliniuma, ila kiukweli hakukosea. Domeni hununui, unakodi, na mwenyewe ni yule aliyeandikwa kwenye usajili. .com ikiisha muda wake na kufutwa, kuna siku 30 za kuikomboa, kwa hela nyingi kuliko ya mwaka mzima. Lakini anayekomboa ni mwenye akaunti, na mwenye akaunti ndo huyo wa tiki za bluu. Zikipita hizo, siku 5 tu jina linaachiwa kwa yeyote.

Nikaamua kuanza upya na .co.tz. Hizi za .tz zinasimamiwa hapahapa nchini na TCRA, ila unazichukua kupitia kwa wasajili, na wako wengi. Safari hii sikuangalia bei kwanza. Nilipiga simu kwa watatu kabla ya kutoa hata mia, swali moja tu: jina litaandikwa kwa email ya nani?

Wa kwanza akacheka, "we lipia tu bro, hayo tuachie sisi". Nikakata. Wa pili mpaka leo ananiambia nisubiri mtaalamu. Wa tatu nilimpigia Jumamosi saa moja usiku, nyuma nasikia watoto wanalia, lakini akanijibu: "Ya kwako kaka, na paswedi utaiweka mwenyewe, mimi nisiijue." Alikuwa ghali kuliko wote. Nikalipa palepale.

Lile jina la zamani sa hivi linatangaza kubeti. Na juzi, wadau, tiki za bluu zimeongea:

"Niaje bosi, ile blogu bado unaihitaji?"