Umeme wa Nje ya Nyumba katika Nchi ya Ngurumo

Sisi wakaaji wa Bukavu na wa milima iliyo kandokando tumezoea ngurumo kama watu wa nchi nyingine walivyozoea upepo. Tangu Septemba hadi Mei mvua hutunyeshea, na mara nyingi hutanguliwa na radi zinazotikisa vyombo kabatini. Hayo si maneno ya kujisifu wala ya kujihurumia. Wataalamu waliohesabu mimweko ya radi kwa chombo kilichorushwa angani, wakatangaza hesabu yao mwaka 2016, waliona kwamba duniani kote ni ziwa Maracaibo la Venezuela tu linalotupita. Kule mimweko ni 233 kwa mwaka juu ya kila kilometa moja ya mraba. Huku kwetu Kabare ni 205. Sababu yake twaijua. Hewa yenye unyevu itokayo katika misitu ya Kongo hugonga milima ya Mitumba, hupanda juu kwa haraka, hupoa, na kugeuka mawingu marefu sana. Ndani yake vipande vya barafu hugongana hata nguvu ya umeme ikajikusanya. Wako wanaonong'ona bado kwamba radi fulani ilitumwa na mtu fulani. Nchi yenye mimweko 205 juu ya kila kilometa ya mraba haina haja ya mchawi.

Nayatanguliza haya kwa kuwa mwaka huu mama wa watoto nami tuliamua kuutoa umeme nje ya nyumba. Kiwanja chetu ni chembamba na kirefu, nacho chateremka kuelekea bondeni. Jiko la mabati, au manjanja kama tusemavyo wengi, liko mita kumi na mbili nyuma ya nyumba. Mama wa watoto huamka saa kumi ya usiku kukanda unga wa mikate anayoiuza, naye huukanda kwa mwanga wa tochi iliyofungwa kwa kamba juu ya mlango. Choo na nyumba ya kuku viko chini kabisa, karibu mita arobaini. Kwa hiyo tulitaka taa moja na prizi moja jikoni, taa moja njiani na moja kwa kuku. Mambo manne tu. Mtu angesema ni kazi ya mchana mmoja.

Fundi wa kwanza alisema hivyo hivyo. Alikuwa kijana mwenye adabu, mwepesi kupanda ngazi. Akanieleza: "Papa, tunavuta waya kutoka darini, unapita juu ya mabati ya jiko, tunashuka nao mpaka kwa kuku. Kila mtu hapa anafanya hivyo." Akaonyesha kwa kidole nyumba za majirani, na kweli nyuzi zilikuwa zikining'inia huku na huku kama kamba za mbuzi. Lakini mama wa watoto, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akasema kwa upole: "Fundi, hata ule uliomwangusha mama wa kule juu ulipita hivyo."

Tuliomwona mama yule hatutasahau. Waya wa nyumba yao ulipita juu ya mabati, na upepo ukausugua juu ya ukingo wa bati miezi mingi hata gamba lake likaisha. Bati zima likashika umeme pasipo mtu kujua, maana bati kavu juu ya mbao kavu halionyeshi ishara yoyote. Kamba ya kuanikia nguo nayo ilikuwa ya chuma, imefungwa kwenye msumari wa bati lile. Siku moja, baada ya mvua, mama akaenda kuanika. Miguu yake ilikuwa mitupu juu ya matope, shuka mbichi mkononi. Alipoigusa kamba, mkono ulijifunga, hakuweza kuuachia. Kijana wake akapata akili ya kuchukua mchi mkavu wa kinu na kuipiga kamba mpaka ikakatika. Mama ni mzima, twamshukuru Mungu, lakini kiganja chake cha kulia hakifunguki sawasawa hata leo.

Wengi waliuliza mbona fuzi haikukatika. Fuzi haikuwekwa kwa ajili ya kumlinda mtu. Imewekwa kuzuia waya usiungue, nayo husubiri mpaka umeme upite ampere 16 au zaidi. Mwili wa mtu mwenye ngozi ya maji hauzuii umeme kwa nguvu kupita om elfu moja hivi. Ukiugusa umeme wa volti 220, hupita ndani yake miliampere 220, yaani kama robo ya ampere. Kwa fuzi hiyo ni sawa na taa ndogo. Kwa mtu ni mauti, maana miliampere 10 hivi zatosha kuufunga mkono, 30 zaweza kuzuia pumzi, na zikipita 50 moyo wenyewe huanza kutetemeka badala ya kupiga.

Tulimtafuta basi fundi mwingine, mzee mwenye mvi, aliyekwisha stahafu kazi ya kiwanda. Alifika mvua ikinyesha, nasi tukamwambia angoje ipungue. Akakataa. Akaomba mwavuli na karatasi, akauliza: "Papa, maji yanapita wapi katika kiwanja chenu?" Akatembea toka juu hata chini, akichora. Akaweka alama pale maji yalipokusanyika, pale watoto wachezapo, pale tunapolima maharagwe, na upande upepo unakotokea. Waya hakuutaja hata mara moja siku ile. Niliona haya kidogo kwa ajili ya viatu vyake, lakini karatasi ile ninayo mpaka sasa.

Jambo alilolishikilia kuliko yote ni waya wa ardhi, ule wenye rangi ya kijani na manjano. Nyumba nyingi za zamani mjini mwetu, ambamo umeme wa Ruzizi ulianza kuingia baada ya mtambo wa kwanza kufunguliwa mwaka 1958, zina nyuzi mbili tu ukutani. Taa huwaka vizuri kwa nyuzi mbili. Kwa hiyo mtu hudhani hakuna kilichopungua. Kumbe uzi wa tatu hauko kwa ajili ya taa. Kazi yake ni kuupa umeme uliopotea njia ya kurudi udongoni, badala ya kupitia mkononi mwa mtu. Tulipigilia fimbo ya chuma iliyopakwa shaba, yenye urefu wa mita 2, karibu na msingi wa nyumba mahali palipo na unyevu. Fundi akaleta chombo chake cha kupimia, akasoma om 46. Mimi nilifurahi, yeye hakufurahi. Akasema sheria za Ubelgiji, alizofundishwa ujanani, hutaka isizidi 30 katika nyumba ya kukaa watu. Tukapigilia fimbo ya pili mita 4 kutoka ile ya kwanza, tukaziunganisha kwa waya mtupu wa shaba chini ya udongo, na kipimo kikashuka hata 27. Hiyo ilikuwa katikati ya Agosti, ardhi ikiwa kavu kabisa. Ndivyo ipasavyo, kwa maana udongo uliolowa humpendeza kila mpimaji.

Shemeji yangu akaaye Goma aliposikia habari hii alicheka kwa uchungu. Nyumba yake imejengwa juu ya mawe ya moto yaliyoshuka kutoka Nyiragongo Januari 2002 na kupoa katikati ya mji. Fimbo haiingii pale, na jiwe kavu la volkano haliupitishi umeme kwa urahisi. Ilimlazimu kutafuta udongo wa zamani pembeni mwa kiwanja na kulaza humo waya mrefu wa shaba. Zaidi ya hayo, moshi wa mlima una asidi, ambayo hula mabati na viungo vya nyuzi. Kwa hiyo yale ya Bukavu asiyachukue mtu mzima mzima akayapeleka Goma.

Baada ya ardhi, fundi akaweka katika ubao wa nyumba kikata-umeme cha miliampere 30, ambacho mafundi wetu hukiita disjonkta, kwa ajili ya nyuzi za nje peke yake. Chombo hicho hulinganisha umeme uendao na umeme urudio. Ukipungua wa kurudi, hata kwa miliampere 30 tu, kinajua kwamba kiasi fulani kimepita mahali pasipofaa, nacho hukata kabla ya theluthi moja ya sekunde kwisha. Yapasa kukata nyuzi zote mbili pamoja. Na kwa kuwa ni cha nje peke yake, kikikatika saa ya dhoruba, nyumba haibaki gizani wala watoto hawapigi kelele.

Waya wenyewe tuliuzika. Fundi alichagua waya mweusi wenye gamba nene, si zile nyuzi nyembamba za rangi zilizofanywa kwa ajili ya kuta za ndani. Handaki lilikuwa la sentimita 60; pale gari linapopita mtu achimbe hata 85. Chini tukaweka mchanga, juu yake bomba lenye waya, mchanga tena, kisha sentimita 20 juu ya bomba tukatandaza wavu mwekundu wa plastiki, ndipo udongo. Wavu ule ni kwa ajili ya jembe. Mtoto alimaye maharagwe miaka kumi ijayo hatakumbuka handaki letu, lakini akiona wekundu atasimama. Jambo moja lilitupasa kulifikiri sana: katika milima yetu maji huchukua udongo kila mwaka, na waya uliozikwa leo waweza kuonekana nje baada ya mvua chache. Kwa sababu hiyo hatukufuata njia fupi, ambayo ndiyo njia ya maji. Tulizunguka upande wa juu, kando ya ukuta wa mawe, ingawa waya uliongezeka mita saba na mfuko wangu ukalia.

Unene wa shaba nao una hesabu yake. Prizi ikivuta ampere 10 kwa umbali wa mita 40, waya wa milimita 2.5 za mraba hupoteza njiani volti kati ya 5 na 6. Wa milimita 1.5 hupoteza zaidi ya 9. Kwa taa ndogo za leo si kitu. Kwa prizi tulichukua 2.5.

Kuhusu prizi na visanduku vya nje sitasema mengi, kwa sababu namba zimeandikwa juu yake. Zatanguliwa na herufi IP: tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP44 hustahimili matone yanayoruka kutoka kila upande. IP65 hustahimili hata maji yanayosukumwa kwa mpira, na mvua ya Machi ikisukumwa na upepo wa ziwani yafanana sana na hiyo. Waya huingia kisandukuni kwa chini, baada ya kupinda kama ndevu za mbuzi, ili tone lianguke penye pindo lisifuate ndani. Naona watu wakifunika prizi kwa mfuko wa plastiki na kuufunga kwa uzi. Mfuko ule huyafungia maji ndani, na sisimizi hupata nyumba.

Mabati ya jiko tuliyaunganisha na waya wa ardhi, kuta na paa. Kamba ya nguo mama wa watoto hakungoja aambiwe. Aliikata mwenyewe ile ya chuma, akafunga ya katani kutoka mparachichi hadi mparachichi, mbali na kila bati.

Radi yenyewe lakini haizuiwi na disjonkta, wala fundi hakutudanganya. Aliweka ubaoni kinga ya kupunguza nguvu ya ghafula ijayo kwa nyuzi za barabarani, akasema hata hivyo ngurumo ikikaribia tuchomoe. Watoto wamejifunza kuhesabu: toka mmweko hadi mlio, kila sekunde tatu ni kama kilometa moja. Wakipata chini ya thelathini, kila mtu huingia ndani, wala hakuna agusaye cha nje mpaka nusu saa ipite baada ya mlio wa mwisho. Kifungua mimba wetu ndiye mwenye kazi ya kubonyeza kidude cha majaribio cha disjonkta kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Kisipokata, tutamwita mzee.

Jikoni sasa kuna mwanga, na tochi imefunguliwa mlangoni. Bado sehemu ya chini. Mvua za Septemba zilitukuta handaki halijafika chooni, likajaa maji usiku mmoja, na mzee akakataa kulaza waya ndani ya tope. Ametuambia tungoje Juni, udongo utakapokauka. Tochi tunashuka nayo sisi usiku, kama miaka yote. Kuku hawajaulizwa maoni yao.