Picha ya Tembo



Wapendwa, kila mwaka nyumbu wavukapo Mto Mara, kati ya Julai na Oktoba, hupenda kwenda Kogatende na kamera yangu. Safari moja nilimpiga picha tembo wakati wa machweo. Nikaitundika ofisini parokiani, nikamshukuru Muumba.

Mama mmoja mjane, ambaye shamba lake limepakana na hifadhi, aliitazama kimya, kisha akasema: “Padre, wenzake huyu ndio waliomaliza mtama wangu.”

Niliona haya. Katika Laudato Si’ (2015), Papa Fransisko alitufundisha kusikiliza kilio cha dunia pamoja na kilio cha maskini. Mimi nilikuwa nimesikia kimoja tu.

Picha sikuitoa. Ila Jumapili hii, tukiombea mavuno, tuwakumbuke wanaokesha mashambani na tochi mkononi.